Kioo Kwenye Ufa

Fundi aliyeitwa Jeki alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza: kioo hakiguswi. Akishakibandika kwenye ufa wa nyumba yako, usikifute vumbi, usikisogelee na ufagio, na watoto wakicheza mpira karibu nacho, wahamishe watoto. Wenye nyumba walimwona ana wazimu kidogo, na hawakukosea sana. Mtu umemwita aje kutengeneza msingi, yeye anabandika kioo ukutani na kwenda zake miezi mitatu!

Lakini kioo kile kilikuwa na kazi. Kilikuwa kipande kinene cha urefu wa kiganja na upana wa vidole viwili, alichokikata kutoka vioo vya madirisha ya zamani. Alikilaza juu ya ufa, akakishika kwa jasi upande huu na upande huu. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukuta ukisogea unene wa kucha tu, kinapasuka.

"Mwenye nyumba ataniambia ufa ni wa zamani," alizoea kusema, "jirani yake ataniambia ni wa juzi. Kioo hakina sababu ya kunidanganya."

Hakuzaliwa na tahadhari hiyo. Alianza ujana wake akikoroga mchanga na saruji kwa koleo, na alipopata ufundi akawa mtu wa jeki, ndipo jina lilipomkaa. Nyumba ikizama upande mmoja, alichimba chini yake, akapanga jeki nne za lori, akazipampu taratibu huku ameng'ata ulimi, mpaka ukuta ukanyooka. Watu waliacha shughuli zao kuja kutazama. Naye, tusimfiche, alipenda kutazamwa. Alijaribu pia ile njia ya kusukuma uji wa saruji ardhini kwa pampu, akaiacha siku uji ulipoamua safari yake wenyewe na kutokea kwenye choo cha jirani. Jirani alimfuata na ndoo mkononi, na yaliyosemwa siku hiyo hayaandikiki.

Kilichombadilisha ni nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Aliinua upande uliozama, akaujengea msingi mpya chini, na mlango uliokuwa ukiburuza sakafuni ukawa unafungwa kwa kidole kimoja. Mwalimu alimshika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlenga. Baada ya misimu miwili ya mvua, upande ulioshikwa ulibaki umeshikwa, na upande ambao haukuguswa ukaendelea kuzama peke yake. Nyumba ikapasuka katikati. Ukuta wa chumba cha kulala ukaangukia kitanda saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa ametoka kununua maziwa.

Hakumtukana fundi, na afadhali angemtukana. Alimuuliza tu, "Ulijua kwamba linaweza kutokea hili?"

Jeki alijua. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba kuponya nusu ya nyumba kunaweza kuipasua nusu ya pili, lakini angeanzaje kulisema hilo mbele ya watu wanaompigia makofi? Swali lile lilimfuata miaka mingi, na kioo chake kilitokana na swali hilo.

Sasa tuje kwa dada yake.

Alikuwa mkubwa wake kwa miaka minane. Mama yao alipofariki, Jeki alikuwa na miaka minne, na dada huyo, naye mtoto tu, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamshonea sare yake ya kwanza ya shule kwa mkono. Ile sare ilikuwa kubwa kiasi kwamba angeweza kukaa na mwenzake ndani. Kutoka hapo alishona mpaka akawa fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima. Mume wake aliijenga nyumba yao chumba kwa chumba, akafa kabla ya kupiga rangi chumba cha mwisho, cha pembeni. Humo ndani dada aliweka cherehani yake yenye miguu ya chuma, akashonea humo miaka kumi na tisa.

Na pembe ya chumba hicho hicho ndiyo iliyopata ufa. Ulianzia chini ya dirisha, ukapanda mshazari hadi karibu na dari, na kwa juu ulikuwa mpana kuliko chini. Ufa wa namna hiyo Jeki hakuupenda hata kidogo. Alibandika kioo, akaandika tarehe ukutani kwa penseli.

"Kikipasuka?" dada aliuliza.

"Kikipasuka ardhi bado inakwenda. Hapo sichimbi, dada. Hapo nakuhamisha."

"Unanihamishia wapi?"

"Kwangu."

"Kwako! Wewe, mkeo na watoto watano, vyumba viwili. Mimi nilale juu ya kabati?"

"Tutaliona hilo likifika. Kisipopasuka kwa miezi mitatu, nachimba, namwaga zege, unakaa humu mpaka uchoke mwenyewe."

Alidhani amemweleza mambo mawili. Dada alisikia moja tu, lile la kuhamishwa.

Kila baada ya wiki mbili Jeki alipita kunywa chai na kukikagua kioo. Mara nyingi chumbani mlikuwa na mteja anayepimwa nguo, kwa hiyo dada alifungua mlango kidogo, naye akachungulia kwa heshima. Kizima. Wiki mbili nyingine, kizima. Siku moja aliona mlango wa chumba umerandwa chini, akatania kwamba seremala amemlia dada yake pesa za bure. Dada akacheka. Siku nyingine aliona picha za sebuleni zimefifia kidogo, hasa ile ya harusi, akadhani ni macho yake yanayozeeka. Miezi mitatu ikatimia. Jeki aliondoka siku hiyo akipiga mluzi, kwa sababu hakuna nyumba duniani aliyotaka iwe salama kuliko hii.

Alirudi Jumatatu asubuhi na vibarua wawili. Mmoja alikuwa mrefu mno, wakamwita Ngongoti. Mwenzake alikuwa bubu wa hiari, siku nzima husikii zaidi ya "ehe". Jeki alipita na chaki kwenye ukuta wa nje akiandika moja, mbili, tatu, kisha tena moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa ukuta. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Unachimba kwenye moja peke yake, shimo la upana wa mita, unaingia chini ya msingi, unajaza zege, unasubiri likauke. Ndipo unahamia kwenye mbili. Ukichimba mashimo mawili yanayopakana, umekata miguu ya meza upande mmoja.

Dada alikataa kutoka ndani. Alisema ana gauni la mteja linalotakiwa mchana, na kwani kioo si kizima?

"Kizima," Jeki alikubali, na akamwacha.

Alining'iniza timazi kutoka kwenye boriti ya paa iliyochomoza pembeni, uzi na jiwe lake, akapigilia msumari ardhini pale ncha ya jiwe ilipoelekea. Ilikuwa desturi tu. Ngongoti akaanza kuchimba kwenye moja ya pembeni, na udongo ulitoka kwa urahisi uliomfurahisha.

Alipofika kiunoni alirusha juu soli ya kiatu. Kisha kipande cha sahani ya bati.

"Fundi," alisema, "huku chini kuna mtu alikuwa anakula."

Mwenzake alicheka. Jeki hakucheka. Aliiokota sahani, akaigeuza. Udongo uliofuata ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu ya kitu kilichooza zamani. Alichukua nondo ndefu, akaisimamisha kwenye sakafu ya shimo, akaiegemea kwa mkono mmoja. Katika ardhi ya kweli ungehitaji nyundo. Nondo ilizama yenyewe, ikazama, ikazama, mpaka alibaki ameshika kipande cha shubiri moja.

Hii haikuwa ardhi. Hili lilikuwa shimo la takataka la watu walioishi hapa kabla ya nyumba, likafukiwa, likasahauliwa, na marehemu shemeji yake, maskini, akaweka pembe ya nyumba juu yake bila kujua. Zege lolote litakalomwagwa humo litazama pamoja na takataka zake.

Kisha aliitazama timazi. Jiwe lilikuwa limesogea upana wa kidole kutoka kwenye msumari.

"Toka," alimwambia Ngongoti.

"Nimalizie ndoo hii, fundi."

"Toka sasa hivi!"

Sauti ilivyotoka, Ngongoti aliruka nje na koleo likabaki ndani. Vumbi jembamba la lipu lilianza kumwagika chini ya msingi, pale alipokuwa ameinamisha kichwa. Yule bubu wa hiari alishika mti wa kuegemezea ukuta, lakini Jeki alimzuia kwa mkono. "Hakuna anayesogelea ukuta. Hakuna!" Halafu yeye mwenyewe akakimbilia ndani.

Dada alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa ukuta. Kioo kilikuwa pale pale juu ya ufa, kizima, kinang'aa.

Jeki akasimama. Timazi inasema ukuta unakwenda, kioo kinasema umelala. Kwa miaka yote hiyo vyombo vyake havijawahi kugombana. Akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kubandika vioo kwenye nyumba za watu, akakigusa.

Kilikuwa chembamba. Alipitisha kidole pembeni mwake, akapitisha tena. Kioo chake kilikuwa kinene, cha dirisha. Hiki ungeweza kukivunja kwa kupiga chafya. Alikwaruza pale kilipobandikwa kwa ukucha, na kilichotoka hakikuwa jasi wala saruji. Kilikuwa unga laini mweupe unaonukia gundi. Alikuwa amekulia ndani ya harufu na rangi ya unga huo. Ilikuwa chaki ya kuchorea nguo, imesagwa na kukandwa kwa gundi.

Cherehani ilinyamaza. Dada hakugeuka.

Jeki aliangalia sebuleni kupitia mlangoni. Picha tano zilining'inia kwenye ukuta wa mbele, fremu ndogo za mbao. Harusi. Marehemu na baiskeli yake. Mama yao. Dada siku alipopata cherehani. Hizo nne hazikuwa na kioo. Kumbe macho yake hayakuwa yamezeeka. Alikuwa na macho mazima na hakuona.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Mdogo wangu, mteja anakuja saa sita, hebu niache nimalizie pindo."

"Dada. Kimepasuka mara ngapi?"

"Mara nne." Alisema polepole, kama mtoto aliyekamatwa. "Cha kwanza ni kile chako. Hakikumaliza hata wiki mbili. Ningenunua kioo wapi? Fundi vioo ni rafiki yako, angekwambia kabla chai haijapoa. Nikavua cha harusi. Kukata kioo si kukata kitambaa, nimeharibu kioo cha fremu nzima ili nipate kipande kimoja."

Hasira ilimpanda Jeki mpaka masikio yakamlia. Miezi mitatu! Alikuwa amemtuma Ngongoti, baba wa watoto, aingie chini ya ukuta kwa kuamini kioo cha picha ya harusi. Alitaka kupiga kelele, na angepiga, lakini juu yao kitu kililia ndani ya ukuta, sauti fupi kavu, na wote wawili wakatazama dari.

"Tutoke," alisema.

"Sitoki."

"Dada, ukuta huu unaanguka. Siyo kesho, siyo mwezi ujao."

"Basi ukaushikilie. Wewe si Jeki? Umewainulia watu wote nyumba zao, yangu ndiyo huiwezi?" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Niambie utaitengeneza, nitatoka. Neno moja tu. Niambie ndiyo."

Ndiyo! Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, neno jepesi kuliko yote. Angelisema, dada angeinuka, wangekuwa nje kabla ya pumzi kumi. Lakini alimjua dada yake. Angetoka kwa uongo huo, na ukuta ukichelewa kuanguka mpaka jioni, angerudi kulala, kwa sababu ndugu yake amesema ndiyo. Na alimkumbuka mwalimu na maziwa yake. Vumbi lilikuwa likimwangukia dada kwenye nywele.

"Siiwezi," alisema.

Dada alimtazama kana kwamba amemsikia akisema lugha ya kigeni. Miaka yote hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Siiwezi, dada yangu. Chini yake hakuna ardhi, kuna shimo la takataka. Jeki haina pa kukanyaga. Zege litazama. Na shimo nililochimba leo ndilo limeuharakisha, kwa mkono wangu huu. Hakuna fundi atakayeiokoa pembe hii, na akitokea anayesema ataiokoa, mfukuze. Nilikutisha kwamba nitakuhamisha, halafu nikaenda kukiuliza kioo badala ya kukuuliza wewe. Kosa hilo ni langu."

Kioo kikapasuka. Hakikufanya kelele kubwa, tik tu, na nusu yake moja ikadondoka sakafuni karibu na mguu wa dada.

Dada alikitazama. Kisha akainuka, akakunja gauni la mteja, akalitia kwapani, akashika cherehani upande mmoja.

"Shika huko."

"Iache hiyo cherehani!"

"Nikiiacha nitakula nini? Shika, tunachelewa."

Ilikuwa nzito, ile mashine na miguu yake ya chuma, na mlango uliorandwa ulikuwa umekaza tena, ukafunguka nusu tu. Jeki aliupiga teke mara mbili, ukagoma. Alisikia ukuta ukisaga nyuma yake, sauti ya meno usingizini. Mara mikono mirefu ya Ngongoti ikapenya kutoka upande wa pili, ikang'oa mlango na bawaba zake, ikadaka mashine. Walipita sebuleni wakigongana, na dada, mkono mmoja kwenye chuma, alinyoosha mwingine ukutani akachukua kitu bila kusimama.

Haikupita robo saa. Majirani walikuwa wamejaa ng'ambo ya barabara, wengine bado wanauliza kuna nini, pembe ilipoketi. Ndiyo, iliketi, taratibu kama mtu mzima anayekaa chini, ikaingia kwenye shimo la Ngongoti; kisha ukuta wote wa chumba ukajikunja kwa ndani na mabati yakaufuata. Vumbi lilipotulia, kiti cha dada hakikuonekana. Palipokuwa na kiti palikuwa na matofali.

Yule wa "ehe" alivua kofia.

Dada alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, cherehani mbele yake, gauni la mteja mapajani. Jeki alichuchumaa kando yake. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na nguvu za kusimama. Aliona kile alichokichukua ukutani. Ilikuwa fremu ya tano, picha ya mtoto mdogo ndani ya sare ya shule inayomfikia chini ya magoti, mikono imemezwa na shati. Ilikuwa na kioo chake, safi, hakina hata alama ya kidole.

"Hiki mbona hukukitoa?" aliuliza.

"Kilibaki hiki tu." Dada alipangusa fremu kwa upindo wa kanga yake. "Nilisema moyoni, kile cha mama kikipasuka nitakuambia. Chako sikivui. Hata kama utanilaza juu ya kabati."

"Kilichopasuka leo ndicho cha mama?"

"Ndicho. Nilikibandika wiki iliyopita."

Jeki aliinamisha kichwa, akalia mbele ya vibarua wake na mtaa mzima, yeye aliyependa kutazamwa, na safari hii hakujali nani anatazama. Dada alimwacha alie kidogo. Kisha alimpa picha aishike, akageuka kumuuliza Ngongoti kama anamjua mtu mwenye mkokoteni, maana mteja anakuja saa sita na pindo bado.